Mama Mkwe Ndani ya Karavani

Haya, nimerudi, na simu yangu haina raha. Mmoja anauliza tulipotelea wapi, mwingine kasikia ngamia kachapwa rula, mwingine ati mama mkwe kagombana na Waarabu kwa sababu ya kaimati. Na yuko ambaye jirani yake aliniona uwanja wa ndege, akamwambia nilikuwa nalia hadharani. Jamani! Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nifue. Nguo zenyewe zina mchanga wa kutosha kupandia mchicha.

Habari za visa na tiketi sitazisimulia. Anayezitaka amuulize mume wangu, Baba Rahma, ndiye aliyezihangaikia, na atafurahi kupata msikilizaji.

Kwa wale wa Tanga msiojua maisha yetu ya huku: mume wangu Shabani ni fundi wa karavani, yaani vile vyumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari. Majira ya baridi watu wa hapa Qatar hutoka mjini wakapiga kambi jangwani, na kampuni yake huwakodisha karavani. Bomba likipasuka huku, jenereta ikizima kule, anaitwa yeye. Zamani alikuwa anatuacha nyumbani Al Wukair wiki nzima, mie na watoto tunatazamana. Siku hizi tunamfuata sote, na karavani yetu kuukuu nyuma ya pikapu. Rahma ana miaka tisa, Idi mitano. Wanasomea humo humo ndani, na mwalimu wao ni mie. Mie niliyesomea ushonaji.

Basi mama mkwe wangu, Mwalimu Zainabu, aliyefundisha darasa la nne mpaka akastaafu, akasikia mjukuu wake anasomea ndani ya gari. Akampigia mwanawe simu. Sijui walisema nini chote, ila Shabani alipokata aliniambia huku anaangalia soksi zake:

"Mama anakuja kututembelea. Akiona Rahma hasomi vizuri, ataondoka naye akasome Tanga. Nimemwambia sawa."

"Umemwambia sawa?"

"Ni mama yangu. Nimwambieje?"

Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kwetu mtoto kulelewa na bibi yake si ajabu, nusu yenu mnaonisoma mmelelewa hivyo, na mkwe mwenye adabu habishani na mama wa mumewe. Hilo nalijua. Lakini nilijua pia kwamba Rahma akiondoka, mie nitaugua, tena ugonjwa wa kitandani.

UWANJA WA NDEGE MPAKA AL WUKAIR

Ndege ilitua mapema. Abiria wakatoka, wakaisha, wakaja wa ndege nyingine, nao wakaisha. Mama hatokei. Shabani alianza kutembea huku na huku, Idi akaanza kuuliza kama Bibi ameanguka angani. Tulikaa pale mpaka watoto wamemaliza biskuti zote za mgeni.

Mwisho akatoka mlinzi mmoja, Mganda, anasukuma toroli kwa mkono mmoja na mkono mwingine amemshika mama mkwe wangu kwa heshima zote.

"Madam, huyu mama alikataa kutoka," akaniambia. "Anasema mtoto wake alisema atampokea, kwa hiyo anamngoja amfuate pale ndani. Nimemweleza sana. Ameniuliza kabila, ameniuliza mama yangu yuko wapi, ndiyo akakubali."

"Shikamoo Mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana ana adabu, mpeni soda." Kisha akamgeukia Shabani. "Ukisema unampokea mtu, unampokea. Si kumngojea nje na wauza simu."

Rahma akamwamkia, akambusu mkono. Bibi akamtazama juu mpaka chini, akamshika kidevu, akauliza: "Saba mara nane?"

Hata nje hatujafika! Rahma akasema hamsini na sita.

Kutoka uwanja wa ndege tulipita Al Thumama, tukashuka mpaka kwetu Al Wukair, na njia nzima Bibi hakusema kitu ila kuhesabu misikiti. Tulipofika akaiona karavani imeegeshwa ukutani. Aliizunguka mara mbili. Akapiga tairi teke dogo. Akaingia.

"Jiko liko wapi?"

"Hili hapa, Mama."

"Na choo?"

"Mlango huo nyuma yako."

Akautazama mlango, akalitazama jiko, akanitazama mie. "Kumbe mtu akikaanga samaki, aliye chooni anajua ameiva."

Watoto walicheka, Shabani akacheka, nami nikacheka kwa kuogopa kutocheka.

MJINI, KWA MWEWE MGONJWA

Nilikuwa nimepanga mambo. Nilijua nakaguliwa, kwa hiyo kila matembezi yalikuwa somo. Siku ya kwanza tulipanda metro mpaka Souq Waqif, Rahma akisoma majina ya vituo kwa Kiarabu na Kiingereza, nami nikimtazama Bibi kwa pembeni kuona kama anasikia. Bibi alikuwa anamuuliza Mfilipino aliyekaa karibu yake kama ana watoto wangapi, kwa Kiswahili, na yule dada anamwonyesha picha.

Sokoni tukapita kwenye maduka ya mwewe. Wamekaa kwenye vijiti, wamefungwa kofia za ngozi machoni, wametulia kabisa. Nikaanza somo langu: mwewe ni ndege anayeheshimiwa sana hapa, wanamfundisha kuwinda, ana pasi yake ya kusafiria, na akiumwa ana hospitali yake pale nyuma.

Bibi akasimama. "Nani ana hospitali?"

"Mwewe, Mama."

"Huyu anayekula vifaranga vyangu?"

"Ndiye huyo."

"Anapangwa foleni, anaitwa jina, anaingia kwa daktari?"

Rahma akamwambia amewahi kuona mwewe akitengenezewa unyoya uliovunjika, wanaupachika mwingine kwa gundi. Akaeleza vizuri sana, hatua kwa hatua, kuliko mie. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Nikasema moyoni, haya, alama moja hiyo.

"Mtoto anaongea vizuri," Bibi akaniambia tulipokuwa tunarudi. "Kuongea si kusoma, lakini."

Alama yangu ikafutwa pale pale.

SEALINE, VITA VYA SINIA

Shabani alikuwa na kazi kusini, Sealine, kule ambako matuta ya mchanga yanashukia baharini. Tukafunga safari sote watano. Kwa kawaida ni mwendo mfupi, lakini Bibi alitaka tusimame kila akiona ngamia, na Sealine ngamia hawaishi. Tulifika wakati jirani zetu wa kambi wameshawasha moto.

Asubuhi darasa likaanza. Meza yetu ya kukunja, daftari mbili, kalamu. Bibi alikaa kitandani nyuma yangu, amevaa miwani, mikono mapajani, vilevile wanavyokaa wakaguzi. Mgongo wangu ulikuwa unawasha. Nikaandika hesabu ya kugawanya, mia moja arobaini na nne kwa sita. Rahma akaanza, akakwama. Nikamsaidia, nikakwama na mie. Nje vijana wanapita na yale mapikipiki ya magurudumu manne, makelele hatusikilizani.

Na hapo, wallahi sidanganyi, ngamia akaingiza kichwa dirishani, akachukua mkate wa chai mezani, akautafuna huku anatutazama. Idi akapiga ukelele. Bibi akainuka na rula.

"Toka! Toka darasani!" Akamchapa nayo mdomoni, moja tu. Ngamia akatoa kichwa taratibu, mkate akaondoka nao. Mwenyewe, kijana wa Kisudani anayekodisha ngamia, alikuja kuomba radhi akacheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo habari ya ngamia, na mliosema Bibi alimpiga fimbo mmeongeza chumvi.

Sasa hili la sinia.

Kambi ya jirani ilikuwa ya mama mmoja wa Kiqatari mtu mzima, watu wote wanamwita Umm Nasser. Ana hema kubwa, wajukuu wengi wanaokuja na kuondoka, na dada wa kazi kutoka Kenya anayeitwa Wanjiru. Jioni ile ya kwanza Wanjiru akaja na sinia hili, mikono miwili haitoshi kulizunguka, wali wa nyama ya mbuzi juu, zabibu, vitunguu vya kukaanga. Tukala mpaka tukalala chali. Nikaliosha sinia nilipeleke.

"Unakwenda wapi?" Bibi akauliza.

"Kurudisha sinia, Mama."

"Tupu?"

Nyie mnajua kwetu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata ukitia ndimu mbili. Mie kwa kukaa huku nilishaanza kusahau. Kesho yake Bibi akaumua unga, akakaanga kaimati kwenye lile jiko letu la mafiga mawili, moshi ukajaa, king'ora cha moto kikalia, Shabani akaja mbio na ndoo. Kaimati zikatoka nzuri, nyekundu, zimelowa shira ya iliki. Rahma akapeleka na Idi akisindikiza.

Mchana mie na Shabani tukaenda kuchota maji. Kurudi, nikamkuta Bibi anafungasha. Khanga kwenye begi, msala kwenye begi, miwani imewekwa kwenye kisanduku chake.

"Mama, kulikoni?"

"Twende zetu. Sikai nilipodharauliwa." Akaonyesha mezani. Sinia limerudi, limefunikwa karatasi ya jiko. "Wamenirudishia kaimati zangu. Wangezitupa huko huko nisione, ningeelewa. Lakini kunirudishia mlangoni!"

Nikafunua. Kweli, kaimati, mlima mzima. Lakini hizi zilikuwa na ufuta juu, na zilikuwa zimemwagiwa asali ya tende. Nikatia moja mdomoni.

"Mama, hizi si zako."

"Macho ninayo."

"Onja basi. Na wao wanapika. Ni chakula chao pia, wamekurudishia na wao za kwao."

Alikataa. Nikambembeleza. Rahma akamwambia, Bibi moja tu. Akaichukua kwa vidole viwili, akatafuna akiangalia dirishani. Akachukua ya pili.

"Zina zafarani," akasema. Ya tatu. "Wana zafarani ya kuchezea, hawa." Akatoa msala kwenye begi. "Kesho nawapikia vitumbua."

Basi vita vikaanza. Vitumbua vikaenda, sinia likarudi na boko boko ya ngano na nyama. Bibi alipoifunua aligonga meza: "Hii si boko boko hii? Wameitoa wapi?" Ikaenda mikate ya kumimina, yakarudi matumbo ya kondoo yaliyojazwa wali. Kazi ya Shabani ilikwisha zamani, lakini hatukuweza kuondoka, kwa sababu kila tukitaka kufunga, sinia liko kwetu, nalo haliwezi kurudi tupu. Likiwa kwao, Bibi anasema si vizuri kuondoka kabla hawajajibu. Shabani anapigiwa simu na bosi wake, anaulizwa yuko wapi, anasema bado kuna bomba linavuja.

Wa kwanza kusalimu amri alikuwa Wanjiru. "Mama Rahma, nisaidie," akaniambia, amejishika kiuno. "Hii sinia mnarudisha kila saa na ni mimi naosha, ni mimi natembea nayo kwa mchanga. Nimechoka kinoma. Ongea na huyo shosho wenu, nami niongee na wetu."

Nikamweleza Bibi, ndiye shosho mwenyewe. Kisha akapika pilau, akalijaza lile sinia, akalibeba yeye mwenyewe na Shabani, tukamfuata sote mpaka hemani kwa Umm Nasser. Akaliweka katikati ya zulia, akakaa. "Tule pamoja," akasema. "Tukila pamoja hakuna wa kurudisha." Umm Nasser hakuhitaji mkalimani kwa hilo. Alicheka, akamvuta Bibi akae ubavuni mwake.

Ikawa chakula kizuri kuliko vyote. Mkalimani alikuwa Rahma, maana msimu hadi msimu anacheza na watoto wa kambini, Kiarabu cha huku anakimwaga. Anakaa katikati ya wale mabibi wawili, huyu anasema, anageuka, yule anajibu, anageuka. Magoti yanauma? Yanauma. Wewe una wangapi? Niliona Bibi anamtazama mjukuu wake kwa macho mengine kabisa, nikashiba kabla ya kula.

Kisha Umm Nasser akamshika Rahma kichwa akauliza kitu. Rahma akamgeukia Bibi.

"Anauliza, mimi nitakaa hapa na Mama, au nitaondoka na wewe."

Bibi akamega tonge lake, hakuniangalia. "Mwambie naondoka nawe."

Nilimtazama Shabani, Shabani anatazama pilau. Nikachukua kipande cha nyama. Rahma akamwambia Umm Nasser maneno machache kwa Kiarabu, Umm Nasser akaitikia kwa kichwa, mazungumzo yakahamia kwenye meno.

Tulipokuwa tunakunja turubai nikamuuliza kwa siri alimjibu nini.

"Nimemwambia Bibi bado anafikiri," akasema Rahma, akaendelea kukusanya vigingi.

ZEKREET, KWENYE CHUMVI

Simu ya bosi ikatupeleka upande wa pili wa nchi, magharibi, kambi ya Zekreet. Tukavuka, jangwa kushoto, jangwa kulia. Njiani Shabani akasimama kwenye kibanda cha chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, akapiga honi walete garini, ndivyo tunavyofanya sote huku.

"Unampigia mtu honi akuletee chai?" Bibi akamuuliza. "Nani kakulea?"

"Wewe, Mama."

"Basi shuka."

Tukashuka sote. Bibi akawapa mikono wale vijana wa Kihindi mmoja mmoja, akauliza habari za kwao, wakatupa chai na chapati wakakataa katakata malipo. Tangu siku hiyo mume wangu hapigi honi, na chai tunaichelewa.

Zekreet kuna vyuma vinne virefu vimesimamishwa jangwani, mbali na kila kitu. Bibi akauliza nani kavisahau. Nikamwambia ni kazi ya sanaa, watu wanatoka mbali kuja kuvitazama. "Tanga visingefika Alhamisi, vingeshauzwa chuma chakavu," akasema, lakini alipiga picha tatu. Rahma akamwonyesha jinsi ya kupima urefu wa chuma kwa kivuli chake na kivuli cha mtu. Wakapima wawili, Bibi akisimama wima mjukuu akinyoosha utepe wangu wa kupimia nguo. Nikiwatazama ningefurahi, lakini furaha haikukaa. Kila akionyesha akili, ndivyo nilivyozidi kuogopa, maana Bibi ameshasema anamchukua.

Jioni inakaribia, Shabani akajifanya anajua njia ya mkato. Ardhi ya kule ni ya chumvi, juu imekauka vizuri, ukoko kabisa, chini ni tope. Gari likapita hatua chache, ukoko ukavunjika, magurudumu ya karavani yakadidimia. Tukasukuma. Tukatia mbao. Tukapunguza upepo kwenye matairi. Likazidi kuzama. Akapita bwana mmoja na gari lake, akamchukua Shabani wakatafute trekta. Watoto wakaenda kuokota mawe palipokuwa pakavu, pale pale tunapowaona. Tukabaki mie na Bibi tumekaa kwenye ngazi ya karavani iliyoinama, tunamenya vitunguu, maana kukwama si sababu ya kutokula.

Nilimenya kimoja. Nilimenya cha pili. Nikausikia mdomo wangu unasema wenyewe:

"Mama, Rahma simtoi."

Bibi aliendelea na kitunguu chake. "Umesemaje?"

"Nimesema simtoi. Hesabu kama hajui nitajifunza nimfundishe, na nikishindwa nitamtafutia mwalimu. Ukitaka nikutumie madaftari yake kila mwezi nitakutumia. Lakini mwanangu naamka naye. Unisamehe, Mama, sijawahi kukujibu, lakini huyu simtoi."

Kisu nikakiweka chini. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari.

Akaweka chake chini. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani mwanangu kaoa bubu."

Sikuelewa.

"Kule hemani nilisema makusudi usikie. Nikangoja. Ukala nyama."

"Adabu, Mama."

"Adabu." Akalirudia lile neno mara mbili. Kisha akanieleza jambo ambalo miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kulisikia. Mtoto wake wa kwanza, wifi yangu Mwanaidi wa Muheza, alichukuliwa na mama mkwe wa Bibi angali mdogo, umri wa Idi wetu. Walikuja siku ya soko wakasema mtoto atalelewa na bibi yake, wewe unafundisha, una mimba, pumzika. Nia yao ilikuwa njema. Mama mkwe wangu akamwogesha, akampaka mafuta, akamfungashia nguo mwenyewe. Hakusema neno.

"Sijasema neno mpaka leo," akasema. "Mwanaidi akinipigia ananiamkia vizuri, ananiuliza afya, anakata. Kama anamwamkia jirani. Anadhani nilimtoa. Na kweli nilimtoa, nilimtoa kwa mikono yangu, nikaita adabu."

Tukalia. Vitunguu havihusiki, tulilia wenyewe.

Nikamuuliza, ningenyamaza mpaka mwisho angefanyaje.

"Ningeondoka naye," akasema, wala hakuuma maneno. "Mama asiyesema kitu, mimi nitajuaje kama anamtaka mwanawe?" Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akachukua kisu. "Mtoto anasoma. Mwerevu kuliko baba yake. Lakini kugawanya hajui, na kosa ni lako, unaanzia upande usio. Lete karatasi."

Basi trekta lilipofika na Shabani juu yake anapunga mkono, alinikuta nimekaa ngazini nagawanya mia moja arobaini na nne kwa sita, na mama yake kanisimamia na rula. Ni ishirini na nne, kwa wanaotaka kujua.

KURUDI, NA UWANJA WA NDEGE TENA

Siku zilizobaki zilikwenda haraka, siku nzuri ndivyo zilivyo. Bibi alishika darasa asubuhi, mwanafunzi mkubwa nikiwa mie. Tukarudi Al Wukair, tukafungasha, watoto wakamwandikia kadi. Shabani alikuwa haelewi kitu. Alikuwa anamkwepa kila mtu, masikini, anangoja machozi.

Kule uwanja wa ndege, tukishusha mizigo, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Begi la Rahma liko wapi?"

"Rahma haendi. Tumeshazungumza, mie na mama yako."

Akamtazama mama yake. Mama yake akamwambia: "Umekaa unatazama pilau. Mkeo ana mdomo, wewe huna. Sukuma toroli."

Mume wangu alisukuma lile toroli huku anacheka peke yake na macho yamemlowa, akakaribia kugonga watu.

Bibi akawaaga watoto. Akamuuliza Rahma tisa mara kumi na mbili, akajibiwa, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akanivuta pembeni. Nilidhani ananiachia usia wa kugawanya.

"Nikitua siendi nyumbani," akaniambia. "Naunganisha Muheza moja kwa moja, kwa Mwanaidi. Nyumba nitaiona baadaye."

"Anajua unakwenda?"

"Hajui. Nikimpigia nitaogopa." Akaweka sawa mtandio wake. "Naenda kumwambia nilimtaka."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, na hicho ndicho kilio alichokiona jirani yenu. Bibi yeye hakulia. Aliniambia kamba ya kiatu cha Idi imefunguka, nimfunge asije akaanguka, kisha yeye akaingia ndani.